Kuachana na Mtu, Kuachana na Mali



Leo nataka kueleza maneno mawili ya Kiingereza yafananayo kwa sura yakatofautiana kwa maana, nayo ni "part from" na "part with". Neno "part", likiwa kitendo, lina maana ya kutengana. Lakini neno dogo lifuatalo ndilo liamualo jambo.

"Part from" husemwa zaidi kwa mtu. Kijana wa Yamumbi aendaye Nairobi kutafuta kazi huagana na mama yake kituoni Eldoret: "He parted from his mother." Huenda wakaonana tena wakati wa Krismasi.

"Part with" husemwa kwa mali. Maana yake ni kutoa kitu ulichokuwa nacho, mara nyingi kwa uchungu. Mzee aliyemwuza ng'ombe wa maziwa ili kulipa karo, "He parted with his cow." Ng'ombe sasa ni wa mwingine.

Sisi twasema "kuachana na" kwa yote mawili, na hapo ndipo twapotea. Kiswahili hugeuza mkia wa kitendo: acha, achana, achia, achilia. Kiingereza huuacha mkia kama ulivyo, kikaongeza neno dogo.

Jambo hili si la darasani tu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, isipokuwa mkataba umesema vingine, mpangaji huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba hatahamisha, hataweka rehani wala hatapangisha ardhi au nyumba, wala "part with possession", bila idhini ya mwenyewe iliyoandikwa. Naye mwenyewe asiinyime idhini hiyo pasipo sababu ya haki.

Maneno hayo hayakukatazi kusafiri siku kumi ukaifunga nyumba. Yakukataza kumkabidhi mtu mwingine mahali hapo apashike badala yako. Aliyekodi shamba la mahindi kwa miaka kadhaa, kisha akamwachia rafiki yake lote alishike kwa maneno ya mdomo tu, amevunja ahadi pasipo kujua, na aweza kushtakiwa na kuondolewa.

Basi, kabla ya kutia sahihi, litafuteni lile neno dogo, na msipolifahamu mwulizeni ajuaye. Kuuliza si ujinga.