Saa za Mwajiri, Saa za Mfanyakazi



Swali letu leo ni hili: mfanyakazi akishatoka kazini, mwajiri bado ana amri juu yake? Jibu langu ni hapana, isipokuwa pale mwajiri atakapothibitisha kwamba jambo linalolalamikiwa linaidhuru kazi yenyewe.

Pwani hii ya Kilwa na Lindi ililijua swali hili zamani. Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima chini ya utawala wa Kijerumani, na Vita vya Majimaji vikaanza. Malalamiko yao yalikuwa mengi: kodi, viboko, maakida waliotumwa na utawala huo. Lakini lilikuwamo na hili: aliyeswagwa kwenye pamba msimu wa kulima, shamba lake mwenyewe lilibaki magugu.

Baadaye mashamba ya mkonge yakaenea, Kikwetu hapa Lindi ikiwamo. Manamba, yaani kibarua wa mkataba, alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Akimaliza ngwe yake, yaani sehemu ya kazi aliyopimiwa, siku hiyo ilitiwa alama. Asipoimaliza, haikuhesabiwa, na mshahara hakuupata mpaka kadi ijae. Ulikuwa mfumo mkali. Hata hivyo ngwe ilikuwa na mwisho, na mwenye mkono mwepesi alirudi kambini jua lingali juu. Leo ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa bosi unaingia saa nne usiku, na asiyejibu anaulizwa asubuhi. Ngwe hii inaishia wapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Ufaransa wamekwenda mbele zaidi: tangu Januari 2017, kampuni kubwa zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kuzima simu za kazi.

Mtasema zipo kazi zisizovumilia uzembe. Kweli. Chukueni mlinzi wa mtambo wa gesi kule Songosongo ambaye akitoka zamu huenda kutega madema. Akirudi kazini amelewa au anasinzia, mwajiri amzuie langoni. Lakini asimfuate baharini, wala asimhoji alikaa baraza gani au alihudhuria mkutano wa chama gani. Mwalimu naye anayemrubuni mwanafunzi wake usiku hawezi kujitetea kwamba kengele ilishalia, kwa maana dhamana ya mtoto haina saa.

Kwa hiyo nawasihi. Waajiri, andikeni mipaka hiyo kwenye mkataba, na mzigo wa kuthibitisha madhara uwe wenu. Vyama vya wafanyakazi, mnapodai mshahara daini na saa. Nanyi vijana, msitie saini kabla ya kuuliza kazi inaisha saa ngapi.