KAZI YA MIKONO KATIKA UZEE: MFANO WA FUNDI MAGITAA WA ALMERÍA
(Mada kwa ajili ya wazee, Juma la Jubilei ya Miaka Mia Moja ya Usharika)



Katika sharika nyingi gitaa lilichelewa kuingia kanisani, kwa kuwa wazee wa zamani walilihesabu kuwa chombo cha dansi. Leo vijana hawaimbi bila hilo, wala hawaulizi umbo lake lilitoka kwa nani. Gitaa la nyuzi laini, linalopigwa kwa vidole, lilipata umbo lake hasa kwa seremala wa Hispania, Antonio de Torres, aliyezaliwa mkoani Almería mwaka 1817. Alikuza mwili wake, akapunguza unene wa ubao wa mbele, akautegemeza kwa vijiti vyembamba vilivyotandazwa kama upepeo. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi iliyogandishwa, ili ionekane kwamba sauti hutoka katika ule ubao. Gitaa hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya muziki ya Barcelona.

Lakini sifa haikumshibisha. Karibu na mwaka 1870 aliacha kazi hiyo, akarudi Almería na kufungua duka la vyombo vya kauri. Fundi aliyepewa medali katika maonyesho ya Sevilla ya mwaka 1858 sasa aliuza sahani na vikombe! Wengi wangesema safari yake imekwisha. Mwaka 1875, akikaribia miaka sitini, alishika tena randa, na ndani ya magitaa yake akabandika karatasi zilizotaja kipindi cha pili cha kazi yake. Mwaka 1883 mkewe alifariki. Tangu hapo hakupunguza kazi, bali aliizidisha, hata akafikia magitaa yapatayo kumi na mawili kwa mwaka.

Torres hakuacha kitabu cha sala, wala haifai kumtungia mahubiri. Hata hivyo kazi yenyewe ina nidhamu iliyo karibu sana na sala. Ubao wa mbele hupunguzwa hadi kufikia unene wa milimita mbili hivi. Randa ikipita mara moja zaidi ya ilivyopasa, hakuna wa kurudisha kilichoondolewa. Kwa hiyo fundi hurandua kidogo, husimama, hugonga ubao kwa kidole, husikiliza, kisha huanza tena. Gundi haikubali haraka. Mtu aliyezoea kuamuru watu maisha yake yote hujifunza hapo kunyamaza na kusikia. Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, chasimulia kwamba Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi za ufundi, za mbao zikiwamo. Wasomaji wengi hupita hapo upesi, wakiwahi Amri na ndama wa dhahabu.

Alipoulizwa siri yake, Torres alijibu kwamba siri imo katika ncha za kidole gumba na cha shahada, na kwamba itakwenda naye kaburini. Basi uzito wa jaribu lake uonekane hapa: katika miaka ya mwisho vidole hivyo vilianza kutetemeka.

Hapo ndipo alipoingia padre wa mahali pale, Juan Martínez Sirvent, rafiki yake. Padre huyo alimsaidia katika sehemu za kazi zilizohitaji mkono mtulivu. Hakushika kifaa ili amwondoe mzee kazini. Alikishika ili kazi ya mzee iendelee. Torres alifanya kazi hadi alipofariki mwezi Novemba 1892, akiwa na umri wa miaka 75.

Sharika hufanya kinyume mara nyingi. Mkono wa mzee ukitetemeka, huvuliwa majukumu yote kwa heshima kubwa, akapewa kiti cha mbele na soda siku ya sikukuu. Hiyo ni adabu, lakini pia ni namna ya kumzika mtu kabla ya siku yake. Wamo maseremala wastaafu waliotengeneza mabenchi ya makanisa, na sasa randa zao zinashika kutu chini ya vitanda. Kwao hakihitajiki kikubwa: meza imara, mwanga wa kutosha, mbao zilizokauka vizuri, na kijana mmoja mwenye mkono mtulivu, aliye radhi kuagizwa na mzee.