Waliotafutana Baada ya Utumwa

Utumwa ulipokomeshwa Marekani mwaka 1865, watu weusi wengi hawakujua waliko wazazi, wenzi wala watoto wao. Mabwana walikuwa wamewauza huku na huku. Wakaanza kutafutana. Kuanzia 1877, gazeti moja la kanisa mjini New Orleans lilichapisha barua zao: jina la mama, majina ya ndugu, bwana aliyewamiliki, mahali walipotenganishwa. Wachungaji walizisoma kanisani kwa sauti, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Wengine waliandika baada ya miaka 30 na zaidi. Walioonana tena walikuwa wachache, lakini waliongozwa na majina. Je, watoto wako wanayajua majina ya babu, bibi na kijiji mlikotoka? Wafundishe leo.