Mimba Iliyotunga Nje: Tusingoje Kupambazuke

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Bisil)

Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wala tangi la maji. Tunazungumza juu ya jambo linaloweza kumuua mama kabla majirani hawajajua kwamba ana mimba.

Nilikaa matangani na familia moja. Mama alilalamika tumbo upande mmoja tangu asubuhi. Wakasema ni mwezi wake, maana damu ilikuwa kidogo tu. Mzee alikuwa mbali na ng'ombe, simu yake haishiki. Kila mtu akangoja neno lake. Gari lilipatikana alfajiri, mama amekwisha zimia mara mbili. Hakufika.

Mimba hii ni nini? Kwa kawaida yai husafiri kupitia mrija hadi kwenye mfuko wa uzazi. Mara nyingine hukwama njiani, mimba ikatunga mumo humo mrijani. Katika mimba 100, moja au mbili huwa hivyo. Mrija ni mwembamba, hauna nafasi ya mtoto. Ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo mahali msipoiona. Kwa hiyo msipime hatari kwa damu inayotoka nje.

Ni nani aliye hatarini zaidi? Ni yule aliyewahi kupata mimba ya namna hii, aliyeugua kisonono au klamidia, kwa sababu magonjwa hayo huacha makovu mrijani, aliyefanyiwa upasuaji wa mirija, anayevuta sigara, na aliyeshika mimba akiwa na koili au baada ya kufunga uzazi. Lakini karibu nusu ya wanaopata hawana hata moja kati ya hayo. Basi msiseme, "Huyu hawezi."

Dalili mara nyingi huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8 tangu hedhi ya mwisho:
- maumivu chini ya tumbo, hasa upande mmoja;
- damu kidogo, pengine nyeusi;
- maumivu kwenye ncha ya bega;
- kizunguzungu, jasho baridi, kuzimia.

Mama anayeweza kuwa na mimba akiwa na maumivu hayo, apelekwe siku hiyo hiyo. Akizimia, ni saa hiyo hiyo. Msimkande tumbo wala kumpa dawa ya mitishamba.

Hospitalini watapima mkojo kujua kama ana mimba, na kumpiga picha ya tumbo kuona iko wapi. Isipoonekana, damu hupimwa, kisha hurudiwa baada ya saa 48. Ikigunduliwa mapema, mrija haujapasuka, baadhi hutibiwa kwa sindano ya methotreksati, na lazima warudi kupimwa. Mrija ukipasuka, ni upasuaji na kuongezewa damu. Mimba hiyo haiwezi kuhamishiwa mahali pake. Kwa hiyo mtu asimsengenye mama huyo kwamba ametoa mimba. Amefiwa, na wengi huzaa tena. Akishika mimba nyingine, aende kliniki mapema sana.

Sasa, kazi yetu. Kutoka hapa Bisil hadi hospitali ya kaunti pale Kajiado mjini tuna lami. Kinachotuchelewesha zaidi ni nauli na ruhusa. Naomba kila kikundi:
1. kitenge pesa za dharura, zisizokopeshwa;
2. kiandike namba za simu za wenye magari wawili;
3. kichague watu wa kumsindikiza mgonjwa, walio tayari kutoa damu;
4. kihakikishe kila nyumba imejiandikisha SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwaka 2024.

Nanyi wazee wangu, toeni ruhusa leo, kabla ya kwenda malishoni. Mwambieni mke mbele ya mama mkwe: "Ukiugua, usiningoje."

Katika mkutano wenu ujao, ulizeni swali moja: usiku wa leo mama akianguka, nani ataleta gari, na nani atasema "twende"? Msifunge mkutano kabla hamjapata majina.