Tiba ya Michezo Ifike Balambala

Msikilizaji, mchezaji akiumia katika uwanja wa shule huko Balambala, Kaunti ya Garissa, wa kwanza kumfikia si daktari. Ni mwenzake wa darasa, jezi imelowa jasho, anahema. Atakachofanya huyo mwenzake katika dakika kumi za kwanza kitaamua mengi, nami leo natetea jambo moja: afunzwe.

Mnayajua yanayotokea. Kijana ameteguka kifundo cha mguu. Mmoja anauvuta mguu eti urudi mahali pake. Mwingine analeta maji moto na kitambaa, anakanda kwa nguvu zake zote, na ikifika Magharibi mguu umevimba hata ndara haiingii. Nia ni njema, lakini jeraha bichi halikandwi. Joto na mkono mzito huzidisha damu inayovuja ndani. Mguu ule ulitaka kufungwa bandeji, kuinuliwa na kupumzishwa.

Kisha linakuja swali lenyewe: umeteguka tu, au mfupa umevunjika? Kwa mkazi wa Nairobi hilo ni swali la kwenda kupigwa eksrei na kurudi nyumbani. Kwa mzazi wa Saka au Danyere, huko Balambala, ni swali la kuuza mbuzi. Kuna gari la kukodi, kuna barabara ya vumbi hadi Garissa mjini, na mvua ikinyesha kwa wingi hata barabara hiyo haipitiki. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, walitoa kanuni fupi ambayo leo inatumika katika hospitali nyingi duniani. Unabonyeza mfupa nyuma ya vinundu viwili vya kifundo na sehemu mbili za katikati ya mguu, kisha unamwomba aliyeumia apige hatua nne. Akizipiga, na mfupa hauumi ukibonyezwa, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Akishindwa, au mfupa ukiuma, safari ya eksrei haina mjadala. Neno la mwisho ni la mhudumu wa afya, naam, lakini mwanafunzi wa miaka 16 anaweza kujifunza kanuni hiyo kwa mchana mmoja, na mzazi akajua kama fedha za gari zitafutwe usiku huohuo. Tena anaweza kujifunza kwamba mguu uliofungwa vijiti ukikazwa kupita kiasi, vidole vikawa baridi na kufa ganzi, vifungo vilegezwe mara moja. Kuna watu wamepoteza miguu kwa kutojua hilo.

Huko Marekani shule nyingi za upili zina kozi ya utangulizi ya tiba ya michezo. Wanafunzi husoma mifupa na misuli, hujifunza kufunga bandeji, kisha huketi kando ya uwanja pamoja na mtaalamu, wakimtazama akifanya kazi. Kwetu Kenya mlango umeanza kufunguka. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Sekondari Pevu, na mmoja wa mikondo mitatu ya masomo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Tatizo ni kwamba kuna shule zilizopewa mikondo miwili pekee, na huu wa michezo ndio unaoachwa. Kwa maoni yangu, shule za Balambala zisiusubiri. Kozi fupi yaweza kuendeshwa na chama cha wanafunzi baada ya masomo, na wakufunzi si wa kutafutwa mbali: chuo cha mafunzo ya matibabu cha KMTC kiko Garissa, na Msalaba Mwekundu wamezoea kufundisha huduma ya kwanza.

Ila tusiinakili kozi ya Wamarekani ilivyo. Yetu ianze na joto. Katika Kaunti ya Garissa joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na mechi zinachezwa. Mchezaji akianza kuyumba, akijibu mambo yasiyoeleweka, ngozi ikiwaka, huenda joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40. Hapo watu humbeba mbio kutafuta gari. Wataalamu wanasema kinyume: mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Avuliwe viatu na nguo nzito, awekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima, afunikwe shuka iliyoloweshwa, apepewe bila kukoma. Jerikeni za maji ya Mto Tana zilizowekwa kivulini kabla ya filimbi ya kwanza zinaweza kuokoa maisha kabla gari halijapatikana.

Na Ramadhani ya 2026 iliangukia muhula wa kwanza. Mwanafunzi aliyefunga asikimbizwe saa nane mchana. Mazoezi yasogezwe karibu na futari. Akianguka, apewe matibabu bila kusitasita, kwani dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua.

Jambo la wasichana lina uzito wake. Kano za goti hukatika zaidi kwa wasichana kuliko kwa wavulana katika michezo ya aina moja. Utafiti uliofanywa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, ukachapishwa 2008, ulionyesha kwamba mazoezi ya kupasha mwili moto ya dakika 20 yalipunguza majeraha kwa karibu theluthi. Hayahitaji mashine, yanahitaji mtu wa kuyaongoza. Na goti la msichana likiumia Balambala, mwalimu wa kiume anasita kuligusa, kwa heshima na kwa mila, huku msichana akilia chini. Wenzake waliofunzwa wangemhudumia kwa stara na kwa ujuzi.

Kwa hivyo, walimu wakuu wa Balambala, nawaomba: kabla ya michezo ya muhula ujao, chagueni wanafunzi kumi, watano wawe wasichana, mwiteni mkufunzi kutoka Garissa, na msiruhusu mechi ianze kama hawapo kando ya uwanja na bandeji na maji yao.