Nani Ana Tochi?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Muthangari, Nairobi)



  Tumeombwa tuongee juu ya furaha ya kusikia Habari Njema na kuipeleka kwa wengine. Pengine mtu anajiuliza: sisi tumekuja kwa mambo ya mikopo na mbuzi, hayo ya Injili si ya padre na katekista? Ngojeni tuwaeleze yaliyotupata.

Katika jumuiya moja upande wa Kawangware kulikuwa na kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa. Mama mmoja muuza mboga alishindwa kulipa miezi mitatu mfululizo. Sisi wafanyakazi wa maendeleo, na diploma zetu, tukashauri majina ya wadaiwa yasomwe kwa sauti mkutanoni. Yakasomwa. Mama yule hakurudi tena kikundini wala jumuiyani, hata kwa Misa hatukumwona. Deni lilikuwa shilingi 2,400. Deni tulilifuata, yeye mwenyewe hatukumfuata.

Jioni moja jumuiya ikasoma Luka 15, habari ya mwanamke mwenye sarafu kumi aliyepoteza moja. Aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta mpaka akaipata, kisha akawaita majirani wafurahi naye. Mnajua ile njia ya hatua saba iliyotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunarudia maneno yaliyotugusa, tunanyamaza, tunashirikishana, halafu hatua ya sita tunaulizana tufanye nini, na mwisho sala. Hiyo ya sita wengi huiruka, maana giza limeingia na watoto wanangoja chakula. Siku hiyo haikurukwa. Nyanya mmoja asiyejua kusoma (yeye husikia mara moja na kukumbuka kuliko sisi wenye miwani) akasema, "Sarafu yetu tunajua iko wapi. Nani ana tochi?"

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Wakaenda wanne usiku uleule, na sisi nyuma yao, bila daftari. Mama alifungua mlango nusu, akidhani tumekuja kuchukua vyombo. Nyanya akamwambia amemletea hadithi, akaisimulia yote palepale mlangoni. Ndipo tukajua mtoto alikuwa amelazwa, na pesa yote ya mboga ikaishia huko. Chai ikapikwa. Kicheko kikawa kingi mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, naye akasimuliwa.

Marehemu Papa Fransisko aliandika juu ya furaha hii mwaka wa 2013, katika waraka wa Furaha ya Injili. Tarehe 27 Novemba 2015 akafika Kangemi, ng'ambo tu ya hapa, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Alihubiri Injili na papo hapo akaongea juu ya nyumba na maji, kwamba kuinyima familia maji ni dhuluma. Hakuvitenganisha. Nao maaskofu wa AMECEA walipokazia jumuiya ndogo ndogo mwaka wa 1976, walitaka Kanisa liwe pale majirani wanapojuana.

Na deni? Tulijua mtauliza. Lilipangwa upya, mia mbili kila wiki, likaisha. Majina hayasomwi tena. Mweka hazina humwona mtu pembeni. Lakini si kila anayetembelewa hurudi. Kuna mzee mmoja tumeenda kwake mara mbili, na mara zote mbili ametufukuza. Tutaenda tena.

Sasa kaeni makundi ya watu wanane. Biblia ziko mezani, za Kiswahili, Kikuyu na Kiluhya. Asiye na miwani asomewe. Ni Luka 15, aya ya 8 mpaka ya 10, na hatua ya sita msiiruke. Chai ni saa nne na nusu.