Mtoto alale wapi? Kitanda katika chumba kidogo

Mazungumzo ya fundi seremala, kambi ya Nyarugusu

Leo sikuleta habari za mgao wala za usajili. Nimekuja tuzungumze juu ya kitanda cha mtoto.

Najua kuna anayeguna: "Fundi, sisi tunawaza unga, wewe unatuletea vitanda?" Ngoja kidogo, mama. Mtoto wa miaka minne hulala karibu nusu ya siku nzima. Kama analala chini, kwenye udongo unaotoa unyevu, miguu yake ikielekea mlangoni na kichwa kikiwa karibu na mafiga, basi nusu ya maisha yake inapita hapo. Na kama umemwekea kitanda kibaya, huenda angekuwa salama zaidi akibaki kwenye mkeka. Nitawaeleza kwa nini, maana jambo hilo nililiona kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Useremala nilijifunza Baraka, kule Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika, kabla sijavuka maji. Hapa kambini nimetengeneza milango, viti, mabenchi, na majeneza pia. Lakini kinachoulizwa kuliko vyote ni kitanda cha watoto "kisichokula nafasi". Mtu anakuja na maneno hayo hayo. Mimi humwuliza kwanza: chumba kina ukubwa gani, na mtoto ana miaka mingapi? Mara nyingi hajui jibu la swali la kwanza, na la pili anaona halihusiani na mbao. Yote mawili yanahusiana.

Tuanze na chumba. Chukua kamba, ipime kwenye futi ya fundi yeyote, ufunge fundo kila baada ya nusu mita. Kisha pima sakafu. Tuseme sehemu ya watoto, nyuma ya shuka mliyotundika, ina mita 3 kwa 2. Hizo ni mita za mraba 6. Kitanda cha futi 3 kwa 6 kinachukua zaidi kidogo ya mita moja na nusu ya mraba. Vitanda viwili vikikaa sambamba vinakula zaidi ya nusu ya chumba, na sehemu inayobaki ni njia tu. Mtoto atafanyia wapi kazi ya shule? Gunia la mahindi litakaa wapi? Usisahau mlango: kama unafungukia ndani, chora chini kwa kijiti nusu duara ya mlango huo, na kitanda kisiingie humo. Usiku wa moto hutaki kuanza kusukuma kitanda ndipo mtoke.

Sasa, vitanda vyenyewe. Wengi wakija wanataka deka, yaani kitanda cha ghorofa, mmoja chini na mwingine juu. Wamekiona shuleni, wamekiona mjini, na kweli kinapendeza. Sakafu ya kitanda kimoja inalaza wawili. Basi niwaambie habari ya deka moja.

Jirani yangu alikuwa na binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka minne. Nikawatengenezea deka nzuri, mbao safi, misumari haikuonekana hata mmoja. Kizuizi cha juu niliweka upande mmoja tu, ule wa chumbani. Upande wa pili nilisema ukuta utazuia. Binti hakutaka kupanda juu kwa sababu ya joto la bati, kwa hiyo yule mdogo ndiye aliyepandishwa, naye alifurahi sana. Sakafu ya udongo haiko sawa. Kila mtoto alipopanda ngazi, kitanda kilisogea kidogo kutoka ukutani, leo upana wa kidole, kesho vidole viwili. Usiku mmoja mvulana alijigeuza akateleza katikati ya godoro na ukuta. Miguu ikapita, kiwiliwili kikapita, kichwa kikakwama. Dada yake alisikia miguu ikipigapiga ukuta karibu na uso wake. Aliishika akaisukuma juu huku akipiga mayowe, mpaka baba yake akaja kusogeza kitanda. Mtoto alipona. Baba hakunigombeza. Alinirudishia tu kile kipande cha mbao kilichokuwa kimebaki, akasema, "Fundi, hiki nadhani kilikuwa cha upande wa pili."

Tangu siku hiyo nina masharti, na asiyeyakubali simtengenezei. Mtoto ambaye hajafika miaka sita halali juu. Hata kama ni mwerevu, hata kama amezoea kupanda miembe, kwa sababu usingizini hakuna werevu. Kizuizi kinazunguka pande zote nne, na ukuta hauhesabiwi. Panapobaki mwanya wa ngazi uwe mdogo. Nafasi kati ya ubao na ubao isizidi sentimita 9, kiasi cha upana wa kiganja cha mtu mzima ukiacha kidole gumba. Mwili mwembamba wa mtoto hupita pasipopita kichwa chake. Na kizuizi kipande juu ya godoro angalau sentimita 13. Nasema juu ya godoro, siyo juu ya chaga. Watu wengi huanza na godoro la inchi 4, baadaye Mungu akijalia wananunua la inchi 6 au 8, na kizuizi kilichokuwa kirefu kinageuka kuwa mto wa kuegemea.

Halafu kuna paa. Akiwa ameketi juu ya godoro la juu, kichwa cha mtoto kisiguse kenchi wala bati. Mchana bati linachoma, na usiku joto lote la chumba hupanda. Kama mnapikia ndani au mlango wa jikoni uko hapo hapo, moshi nao hupanda. Anayelala juu ndiye anayeuvuta. Nyumba ya paa la chini na jiko la ndani haifai deka, hata mkipewa bure.

Kwa mtoto mdogo mimi napendelea kitanda cha kuvuta. Ni kitanda cha kawaida, kwa mfano cha mkubwa, na chini yake kinaingia kingine kifupi kama droo. Mchana hukioni. Jioni unakivuta, mdogo analala karibu kabisa na sakafu, na akianguka anaanguka kimo cha shibiri moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa utainama kweli, kila jioni na kila asubuhi, kwa hiyo kiwe chepesi. Kile cha juu kiache nafasi ya sentimita 35 hivi kutoka sakafuni hadi chini ya mfumbati. Cha chini, pamoja na godoro lake jembamba, kisizidi 30. Magurudumu hayasaidii kwenye udongo. Yanazama. Weka mbao mbili laini chini ya kitanda zikiwa kama reli za kuteleza, uzipake sabuni kavu au nta ya mshumaa. Na godoro la mvunguni litolewe juani mara kwa mara, kwa sababu mchana kutwa limefungiwa gizani na unyevu unaotoka ardhini.

Kuna waliowahi kuona kitanda cha kukunja ukutani, kile kinachoning'inia kwa bawaba kama mlango wa kabati. Ni kitanda kizuri kwenye ukuta wa zege. Ukuta wetu wa matofali mabichi haushiki skrubu ya kubeba mtu, utamomonyoka na kitanda kitamwangukia mtoto. Hicho tukiache.

Cha mwisho ni kile ambacho vijana wanakicheka, kitanda cha kamba. Huku Tanzania wengine hukiita teremka tukaze, kwa sababu kamba zikilegea mwenye kitanda huteremka, zikakazwa, akapanda tena. Ninyi mnaotoka vijijini mnakijua: matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, basi. Hakina chaga wala plaiwudi. Watu wawili wanakibeba, na cha mtoto hubebwa na mama peke yake. Asubuhi unakitoa nje unakiegemeza ukutani kwenye jua. Chumba chote kinabaki wazi mpaka jioni. Niambieni, ni kitanda gani cha dukani kinachobana nafasi kuliko kile kisichokuwemo chumbani? Nimefanya kazi hii miaka mingi, na kwa nyumba ya chumba kimoja yenye watoto wadogo sijaona cha kukishinda.

Mbao zake ni chache, na hilo lina uzito kwetu ambao kuni tu ni tatizo. Msiende kukata mti porini kwa ajili ya kitanda, msitafute ugomvi na wenyeji wetu wala hatari ya njiani kwa kina mama. Vipande vya paini au mkaratusi vinavyobaki kwa mafundi vinatosha. Kamba waweza kusokota kutoka kwenye viroba vya mgao. Kata utepe wa upana wa vidole viwili, sokota nyuzi tatu pamoja. Kamba ya kiroba hulegea wiki ya kwanza, ikaze tena. Kiroba kilichobeba mbolea au mbegu zenye dawa usikitumie, hata ukikiosha. Na kumbuka kwamba plastiki hushika moto upesi, kwa hiyo kitanda hicho kikae mbali na jiko, na koroboi isiwekwe chini yake wala kando yake.

Nimefika kwenye chandarua, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwani watu huchagua kitanda kwanza halafu ndipo wanauliza neti itafungwa wapi. Mbu wa malaria huuma usiku. Kitanda ambacho hakifungiki neti si kitanda cha mtoto. Kwa deka, neti ya chini ifungwe kwenye chaga za juu, na ya juu ifungwe kwenye kenchi. Kwa kitanda cha kuvuta, piga misumari miwili ukutani na funga kamba mbili upande wa pili, ili neti ya mdogo ishushwe jioni peke yake. Iingizwe chini ya godoro pande zote. Iwe pana kiasi kwamba mkono wa mtoto haulali juu ya kitambaa, kwa sababu mbu anaweza kumchoma akiwa nje. Neti mpya yenye dawa itandazwe kivulini kwa siku nzima kabla ya kutumia. Ukiifua tumia sabuni ya kawaida, uianike kivulini, jua linaiharibu dawa.

Kitanda cha mtumba au cha jirani anayehama kikaguliwe nje ya nyumba kabla hakijavuka kizingiti. Angalia kwenye maungio na kwenye mishono ya godoro. Ukiona madoa meusi kama vumbi la kahawa, hao ni kunguni. Maji yanayochemka kwenye maungio ya mbao huwaua pamoja na mayai yao, lakini rudia baada ya wiki moja, kisha tena. Usimwage mafuta ya taa kwenye kitanda cha mtoto.

Kuhusu kichanga nitasema kidogo tu, wahudumu wa afya wanajua kuliko mimi. Alazwe chali, kwenye kitu kigumu kilicho sawa, bila mto, bila nguo zilizorundikwa. Mara nyingi mama huja kuniagiza kitanda cha mtoto wa miezi miwili chenye magodoro laini mawili. Namwambia apunguze moja.

Lipo pia jambo ambalo kina baba huniuliza pembeni, wakishaangalia kama kuna mtu anasikia. Watoto wamekua, wa kike na wa kiume, na sisi wazazi tupo hapo hapo nyuma ya shuka. Sina dawa ya chumba kimoja. Ninachoweza ni kupanga. Kitanda cha wazazi na cha watoto visigusane wala kutumia ukuta mmoja, kwani mbao hupeleka kila mlio. Shuka ya kugawa ifungwe kwenye kamba iliyokazwa, ifike chini kabisa. Kwa deka, binti aliyefika umri wa kujistahi mfungie leso mbele ya kitanda chake, iwe kama mlango. Ni kitambaa tu, lakini mwulize yeye mwenyewe kama ni kitu kidogo.

Yule mvulana wa jirani sasa ana miaka kumi. Deka ile ile bado ipo, ina vizuizi pande zote, na miguu yake miwili nimeifunga kwa waya kwenye nguzo ya nyumba isisogee tena. Analala juu kwa hiari yake. Dada yake alibaki chini mpaka alipoolewa, na kitanda chake hicho sasa kina magunia mawili ya maharage na baiskeli iliyokunjwa gurudumu.

Mwenye swali la vipimo anitafute kwenye karakana, nipo kila asubuhi isipokuwa siku ya mgao. Njoo na kamba yako yenye mafundo. Kwaherini, mlale salama.